Amri Isiyosema Ufanye Nini

Kazi yangu ni kuandaa bili za wagonjwa katika zahanati moja hapa Dar es Salaam. Ndiyo maana kesi ya LabMD ya Marekani ilinishika: balaa lake lilianzia kwenye dawati la bili.

LabMD ilikuwa maabara ya Atlanta iliyowapimia madaktari sampuli za saratani. Mwaka 2005 kompyuta ya meneja wa bili iliwekewa LimeWire, programu ya kubadilishana nyimbo, kinyume cha kanuni za kampuni. Ikaanika folda nzima ya nyaraka. Humo mlikuwa na faili la kurasa 1,718 lenye majina, tarehe za kuzaliwa, vipimo na bima za wagonjwa 9,300.

Mwaka 2008 kampuni iitwayo Tiversa ililinasa faili hilo mtandaoni, ikaiendea LabMD ikitaka kuiuzia huduma ya kurekebisha tatizo. Ilipokataliwa, faili likaishia mikononi mwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. (Msamaria mwema wa aina yake!)

FTC iliundwa mwaka 1914, na sheria yake inaipa uwezo wa kukomesha vitendo vya biashara vya udanganyifu au visivyo vya haki. Kompyuta haizitaji, kwani hazikuwapo. Hata hivyo, mwaka 2015, katika kesi ya hoteli za Wyndham zilizodukuliwa mara 3, mahakama ya rufaa ilikubali kwamba tume inaweza kuishtaki kampuni kwa uzembe wa kulinda data.

Kwa LabMD, kilichoikwamisha tume ni amri yake yenyewe ya mwaka 2016. Iliitaka maabara iwe na mpango wa ulinzi wa data "wa kuridhisha", basi. Juni 2018 mahakama ya rufaa ya Atlanta ikaifuta. Majaji walitoa mfano. Tuseme tume inalalamika kuwa LabMD imekaidi. Inaleta mtaalamu anayesema ulinzi wa kuridhisha lazima uwe na kitu fulani. LabMD inaleta wake anayesema si lazima. Jaji atamhukumu nani, ilhali amri haikitaji kitu hicho? Akikubali kukiongeza, kesho watarudi na kingine, mpaka jaji ageuke msimamizi wa kompyuta za kampuni.

Hapo niko upande wa majaji. Bosi akiniambia "tunza taarifa vizuri", nitaitikia kisha niendelee kama jana. Akinikataza kuweka programu yoyote bila fundi kujua, nikikiuka sina pa kujitetea.

Pigo jingine kwa tume lilikuja mwaka 2021, katika kesi ya mkopeshaji Scott Tucker na mikopo yake, ambayo hapa kwetu tungeiita kausha damu. Mahakama ya Juu, majaji wote 9, ilisema kifungu ambacho FTC ilizoea kukitumia kudai fedha za kuwarudishia wateja hakiipi uwezo huo. Mezani palikuwa na dola bilioni 1.27.

Nani alishinda Atlanta? LabMD ilikuwa imeacha kupima tangu mwaka 2014. Na amri ilifutwa yote, pamoja na kipengele kilichoitaka iwaarifu wale wagonjwa 9,300 kwamba taarifa zao zilivuja.