Mwanazuoni Aliyejifunza Dini Isiyokuwa Yake

Hapo kale, wanangu, mwaka 973, katika nchi ya Khwarazm ambayo leo sehemu yake imo Uzbekistan, alizaliwa mtoto aliyekuja kujulikana kwa jina la al-Biruni. Alikua akipenda nyota, hesabu na vitabu, na kila alichokiona alikiulizia.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliiteka Khwarazm, akawachukua wanazuoni wake mpaka Ghazni, katika Afghanistan ya leo. Al-Biruni alikuwa mmoja wao. Sultani huyo alizoea kuivamia India, na askari wake walirudi na dhahabu ya mahekalu. Al-Biruni naye alitamani kujua jambo moja: hawa Wahindu wanaamini nini hasa?

Anasimulia mwenyewe kwamba siku moja alikuwa akizungumza na mwalimu mmoja, Abu Sahl al-Tiflisi. Wakawasema waandishi wanaozipotosha imani za wenzao. Mwalimu akamhimiza aandike anayoyajua kuhusu Wahindu.

Kazi ilikuwa ngumu. Ilimbidi ajifunze Kisanskriti ukubwani. Tena, nani angemwamini mgeni aliyetoka upande wa wavamizi? Hata hivyo alifika India, akawatafuta wanazuoni wa Kihindu, akawasikiliza, akasoma vitabu vyao. Karibu mwaka 1030 alimaliza kitabu chenye sura 80. Humo alieleza Wahindu wanasema nini juu ya Mungu, roho, kuzaliwa upya, mifungo na sikukuu. Alitangaza mapema kwamba hakukusudia kubishana nao. Alionyesha pia kwamba wasomi wao na watu wa kawaida hawaamini mambo kwa namna moja, akazilinganisha fikra zao na za Wagiriki wa kale na za Masufi.

Mtauliza: je, aliacha Uislamu? La. Alibaki Mwislamu mpaka kufa kwake.

Sasa tegeni sikio. Mnapokwenda madrasa kusoma tauhidi, au mnapofundishwa Biblia kanisani, mnaisoma dini mkiwa ndani yake. Swali lenu ni hili: Mungu anataka nini kwetu? Wakristo huiita elimu hiyo teolojia. Lakini al-Biruni alipokuwa India aliuliza swali jingine: watu hawa wanasema Mungu anataka nini kwao, na mafundisho hayo wameyapata wapi? Swali hilo la pili ndilo linaloongoza taaluma ya dini vyuoni. Huko Ulaya taaluma hiyo ilishika kasi karne ya 19. Mwaka 1870 Max Müller, Mjerumani aliyefundisha Oxford, alitoa mihadhara London kuitetea. Leo hufundishwa pia katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wako wanaodhani elimu hizi mbili ni maadui. Mimi sioni hivyo. Mwanateolojia akiipinga dini ya jirani kwa habari za uongo, hoja yake imeanguka kabla hajaitamka, kwa hiyo anamhitaji mtafiti wa dini. Mtafiti naye, asipojua sala ina uzito gani kwa anayeisali, ataandika orodha ya mila na kukosa kiini chake. Al-Biruni alikuwa na yote mawili: alichunguza imani ya wengine, na alikuwa na imani yake mwenyewe.

Wala hakuwa malaika. Aliwalaumu Wahindu kwa kujivuna, na mara nyingine aliwahukumu. Lakini pia alikiri wazi kwamba uvamizi wa Mahmud uliiharibu nchi yao na kuwajaza chuki. Kuandika hivyo chini ya utawala wa ukoo wa sultani huyo kulihitaji ujasiri.

Basi, wanangu, mkimsikia mtu akisema, "Watu wa dini ile huamini hivi na hivi," muulizeni kwa adabu: umeyasikia kwao wenyewe, au kwa wapinzani wao? Akikosa jibu, msiyabebe maneno yake. Nendeni mkawaulize wenyewe.