Udongo wa Taos

Milimani New Mexico, Marekani, uko mji wa Taos, na wazee wake wangali wakisema Kihispania. Tofali la udongo mbichi huliita adobe, na mfereji wa kumwagilia shamba ni acequia. Nasi tuliosoma chuoni twayajua: at-tub na as-saqiya, yaliyopitia Andalusia. Udongo wenyewe wenyeji walikuwa wakijengea kabla Mhispania hajafika. Neno ndilo lililokuja kwa meli.

Kanisa lao la Ranchos de Taos, lililomalizika kiasi cha mwaka 1816, lilipigwa lipu ya saruji mwaka 1967. Maji yakanaswa ndani, kuta zikalainika. Mwaka 1979 saruji ikabanduliwa. Tangu hapo, kila mwaka wanakijiji hulikandika upya kwa mikono, wakubwa kwa watoto. Nawaonea kijicho, wallahi.