Bwawa la Moree: Umma Ulikuwa Nani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi kisima kirefu kilichochimbwa mwaka 1895 kilivyoupatia Moree, mji mdogo wa kaskazini mwa New South Wales, Australia, maji moto kutoka chini ya ardhi, hata ukajipatia mabwawa ya kuogelea ya umma. Leo tuulize: umma huo ulikuwa nani?

Halmashauri ya mji ilijibu kwa maandishi mwaka 1955. Ilipitisha azimio la kuwapiga marufuku Waaborijini kutumia mabwawa hayo, ingawa ardhi yenyewe ni ya Wakamilaroi tangu zama. Watoto wao waliruhusiwa kuogelea pamoja na wanafunzi wenzao saa za masomo. Masomo yakiisha, Wazungu walibaki majini, wao wakatolewa. Kama hoja ilikuwa usafi, maji yaliyofaa saa nane mchana yalichafuliwaje saa kumi?

Februari 1965 likaja basi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sydney, wakifuata mfano wa wapinga ubaguzi waliosafiri kwa mabasi kusini mwa Marekani mwaka 1961. Kiongozi wao, Charles Perkins, alikuwa Mwaborijini. Ijumaa tarehe 19 waliwapeleka watoto wa Kiaborijini hadi langoni. Baada ya mabishano marefu, watoto wakaingia, wakaogelea. Wanafunzi walipoondoka mjini, watoto wakazuiwa tena.

Basi likageuza. Jumamosi wanafunzi walisimama langoni kwa saa kadhaa, wamezungukwa na mamia ya watu, mayai na nyanya zikiwaangukia. Jim Spigelman, aliyeangushwa chini siku ile, baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa New South Wales. Hatimaye meya akaahidi kusaini hoja ya kufuta azimio.

Miaka miwili baadaye, katika kura ya maoni ya 1967, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliunga mkono kuondoa katika katiba vifungu vilivyowatenga Waaborijini. Mwaka 2013 mabwawa ya Moree yakaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Taifa.

Ubaguzi wa Moree haukuwa mazoea tu; uliamuliwa na madiwani kikaoni, kwa hiyo ulifutika kwa njia hiyohiyo, mara walipobanwa hadharani. Msomaji, hata halmashauri yako ina sheria ndogo. Ziombe, uzisome.