Barua mbili kutoka Florence

Kama ulikodi gari likizoni, ukarudi nyumbani ukajisifu kwamba hukusimamishwa na polisi hata mara moja, hebu subiri kidogo. Mimi pia nilijisifu. Nilijisifu miezi minane.

Mei 2023, mimi na dadangu tulimpeleka Mama Italia. Alikuwa ametimiza miaka 60, na tangu shule ya msingi kule Mombasa alikuwa na hamu ya kuuona mnara wa Pisa, kwa sababu picha yake ilikuwa kwenye kitabu chao. Baba alibaki Leicester. Alisema nyumba zilizoinama keshaziona za kutosha Mji wa Kale, na hakuna aliyemtoza nauli ya ndege.

Tulitua Pisa, tukachukua gari dogo jekundu la kukodi. Kwenye mkataba dereva nilikuwa mimi peke yangu, na anwani waliyoandika ni ile iliyo kwenye leseni yangu. Shika hapo pa anwani, tutaparudia.

Mnara tukauona. Mama akapigwa picha anausukuma kwa mkono, kama kila mtu. Kesho yake tukaenda Florence. Hoteli yetu ilikuwa katikati ya mji, karibu na stesheni ya Santa Maria Novella. Ramani ya simu ikatupitisha vichochoro mpaka mlangoni, mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili, Mama nyuma anavuta uradi. Tulipofika nilijiona bingwa.

Sikujua kwamba nilikuwa nimeshaingia ZTL. Herufi hizo ni kifupi cha *zona a traffico limitato*, yaani eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia. Miji mingi ya Italia inalo, hasa ile yenye mitaa ya zamani. Hakuna kizuizi wala askari. Kuna duara jeupe lenye ukingo mwekundu, maandishi ya saa, na kamera inayosoma namba ya gari lako. Florence, Jumatatu hadi Ijumaa, eneo hilo hufungwa kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa mbili usiku. Penye kamera unaweza kuona maneno *varco attivo*. Mimi kwa Kitaliano changu cha kubahatisha nikadhani ni "njia iko wazi, karibuni". Kumbe maana yake kamera inafanya kazi, usipite.

Hoteli zilizo ndani ya eneo hilo zinaweza kupeleka namba ya gari la mgeni ili aruhusiwe kufika kushusha mizigo. Hoteli yetu iliniuliza namba nilipofika, nikawapa, nikasahau. Siku ya pili magoti ya Mama yakamsumbua tukiwa karibu na Mercato Centrale. Nikaenda kuchukua gari nikarudi nalo kumbeba. Hiyo ikawa mara ya pili kupita kwenye kamera, na siku hiyo hakuna aliyeniombea ruhusa.

Julai, kadi yangu ya benki ikakatwa Euro 45 mara mbili na kampuni ya magari. Nikaangalia maelezo, nikaona neno la faini, nikanuna, nikasema basi yamekwisha. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa hiyo nitalisema polepole: pesa ile haikuwa faini. Ilikuwa ada ya kampuni kwa kazi ya kuwapa manispaa jina langu na anwani yangu. Faini yenyewe ilikuwa bado njiani. Na sheria ya Italia inawapa siku 360 kumletea barua mtu anayeishi nje ya nchi yao, kwa hiyo usifikiri kwamba kimya cha miezi sita ni msamaha.

Ijumaa, tarehe 12 Januari 2024, Baba akanipigia. Nilikuwa kazini London.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Kuna barua zako mbili hapa, za kutia sahihi. Zimetoka Italia. Moja nimeifungua, nilidhani ni yangu, jina la ukoo ni moja."

"Ni mambo ya gari, Baba. Nimeshalipa."

"Hapa wanasema hujalipa."

Sasa, hapo ningehitaji kumweleza kwamba kampuni ilikata pesa yake, kwamba hii huenda ni kitu kingine, kwamba anisomee tarehe. Kwa Kiingereza ningemaliza kwa nusu dakika. Kwa Kiswahili sikuwa na maneno. Ninaweza kuomba chai, kusimulia safari, kumliwaza mtu aliyefiwa. Lakini kueleza tofauti ya pesa ya kampuni na pesa ya serikali? Nilikwama, nikaona aibu, nikasema lile tunalolisema sote tukikwama.

"Weka tu hapo, Baba. Nitakuja."

Sikwenda. Kazi zilikuwa nyingi, halafu baridi, halafu mafua. Mimi ni mhasibu, jamani. Kila siku nawaambia watu wasome barua zao.

Nilifika Leicester Jumamosi ya kwanza ya Ramadhani, tarehe 16 Machi. Tulipomaliza kufuturu Baba akaleta faili lake la kahawia, lile ambalo lina kila kitu tangu aingie nchi hii. Akanipa barua moja iliyofunguliwa, imebanwa pamoja na risiti ya benki. Akanipa na ya pili, bado imefungwa.

"Hii nimeilipa," akasema. "Ile nyingine sikuifungua. Ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, ya pili ingekuwa tabia."

Nikasoma ile iliyolipwa. Ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza. Baba alikuwa amekwenda benki siku ya nne na kijana wa jirani, akalipa Euro 58 na senti 10 na gharama za kutuma barua, kutoka kwenye akiba yake. Ilikuwa ya siku tuliyofika hotelini. Yaani ile siku ambayo namba ya gari ilipaswa kuwa imepelekwa. Katika barua zote mbili, hiyo ndiyo ambayo ningeweza kuipinga.

Nikafungua ya pili. Ya siku ya magoti ya Mama. Hiyo ilikuwa haki yao kabisa. Faini yake Euro 83. Ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30, ndiyo zile 58 na senti 10. Ukilipa ndani ya siku 60, ni 83. Zikipita 60 inakuwa 166. Siku zinahesabiwa tangu barua ilipopokewa, na Baba alikuwa ametia sahihi tarehe 12 Januari. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa simu. Ilikuwa siku ya 64.

Niseme ukweli, nilipandisha sauti. Mbele ya Mama, na mwezi wenyewe Ramadhani. "Baba, mbona hukuniuliza kabla ya kulipa?"

"Nilikuuliza. Ukasema weka hapo."

"Sasa si ungeweka!"

Akanyamaza. Kisha akasema, bila hasira, "Nilitia sahihi yangu, mwanangu. Mtu ukishatia sahihi, deni limeshakujua."

Akatoka kwenda tarawehe. Mama alikuwa anakusanya vikombe. "Wewe hukumbuki siku tuliyocheza kujificha?" akaniuliza.

Nakumbuka sana. Nilikuwa na miaka saba. Mama alituambia mimi na dadangu tujifiche nyuma ya kochi, na atakayetoa sauti ameshindwa. Mtu akagonga mlango kwa muda mrefu. Mimi nilishinda ule mchezo, nilijisifu mpaka kesho yake. Usiku huu ndiyo Mama ananiambia kwamba waliokuwa mlangoni ni madalali. Baba alipata faini ndogo ya kuegesha gari, barua ikaja, hakuielewa vizuri, akaona aibu kumuuliza mtu, akaiweka kwenye droo. Ikaja nyingine, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Deni likazaa, likaja na watu.

Nilikaa jikoni na barua zangu mbili. Nilikuwa nimefanya kama alivyofanya yeye, tena mimi nina shahada, na Kiingereza ndicho lugha ninayootea.

Usiku ule ule nikalipa 166 na gharama zake. Nikaiandikia hoteli. Baada ya siku tatu wakajibu: ndiyo, walipeleka namba ya gari langu, lakini waliandika herufi moja vibaya. Waliomba radhi. Kwa barua pepe kama hiyo ningeweza kukata rufaa, lakini ukishalipa faini ya Italia umekubali kosa, mlango umefungwa. Huwezi kulipa halafu upinge.

Kwa hiyo kama barua imekufikia leo, mambo ya kufanya ni haya.

Ifungue siku hiyo hiyo, na andika juu yake tarehe uliyoipokea. Kila hesabu inaanzia hapo.

Angalia namba ya gari, siku na saa, kisha linganisha na mkataba wako wa kukodi. Baadhi ya miji ina tovuti ambako unaweka namba ya barua na ya gari na kuona picha yenyewe. Tovuti hiyo itafute mwenyewe kupitia ukurasa rasmi wa mji. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa kwa ujumbe wa simu.

Amua jambo moja kabla ya siku ya 5: unalipa au unapinga? Kama kosa ni lako, lipa mapema. Kama una ushahidi, Italia kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumwandikia Prefetto, mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa, ndani ya siku 60. Haina ada, lakini akikukatalia utalipa angalau mara mbili ya kiwango cha chini. Ya pili ni Giudice di Pace, hakimu wa kesi ndogo. Huko kuna ada ya mahakama, na kwa faini ndogo ada hiyo peke yake inaweza kukutoa hamu. Usipinge kwa sababu umekasirika. Pinga kwa sababu una karatasi.

Usiseme "mimi sikai huko, watanifanya nini?" Kampuni ya gari imeshawapa jina lako na mlango wako. Na si Italia tu. Hispania hukupunguzia nusu ya faini nyingi ukilipa ndani ya siku 20. Ufaransa, faini ya kawaida ya Euro 135 inashuka hadi 90 ukiwahi, na inapanda hadi 375 ukichelewa. Kote huko, bei ya kuchelewa ni kubwa kuliko bei ya kosa.

Halafu ile anwani. Leseni yangu ilikuwa bado inasema Leicester, ingawa nilihama miaka sita iliyopita. Hapa Uingereza kutobadilisha anwani ya leseni ni kosa, na unaweza kutozwa hadi pauni 1,000. Nimeshaibadilisha. Ilichukua dakika chache na haikuwa na malipo.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba Baba radhi. Nikamwambia nataka tuisome ile barua pamoja, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye pesa ya kampuni nikakwama tena, nikasema "ile pesa ya... ya kazi yao". Akasema, "Ada." Nikasema na hii ya manispaa? "Faini." Na kumwandikia mkubwa wao kwamba hukubali? "Rufaa." Maneno matatu. Yangenitosha Januari.

Pesa zake alikataa kuzipokea, nikazificha ndani ya faili la kahawia, nyuma ya risiti ya benki. Habari ya hoteli na herufi moja sijamwambia. Yeye hasomi hapa, lakini Mama anatusikiliza kila wiki, kwa hiyo Mama, ukifika hapa, tafadhali.

Wiki iliyopita Baba alinipigia. "Barua zako zimeacha kuja," akasema. Nikamwambia nimebadilisha anwani kwenye leseni. Akanyamaza kidogo. "Sawa," akasema. "Lakini ikija ya kukutatiza, nisomee."