Kenya Ilipofuta Viza, Nani Hasa Alipunguziwa?

Tarehe 12 Desemba 2023, kwenye sherehe za Jamhuri, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni anayekuja Kenya, atoke pembe yoyote ya dunia, hatahitaji viza. Januari ilipofika, wasafiri waliofungua tovuti ya serikali walikuta fomu ya kujaza, mahali pa kupakia pasipoti na picha, na ada ya Dola 30 za Marekani. Viza ilikuwa imefutwa kweli. Mahali pake paliingia kibali cha kielektroniki cha kusafiri, ambacho sasa kila mtu anakiita eTA.

Wapo waliosema ni viza ileile iliyobadilishwa jina, na ninawaelewa. Lakini ubishi wa jina unaficha jambo kubwa zaidi. Sera ya kuingia nchini inapimwa kwa kuuliza nani lazima aombe ruhusa kabla hajaondoka kwao, nani analipa, na ombi likikataliwa hasara inabaki kwa nani. Ukiyashika maswali hayo, mabadiliko ya Kenya yanaonekana kwa sura tofauti kabisa na ile ya tangazo.

Tuanze na pesa. Viza ya mtandaoni ya kuingia mara moja ilikuwa Dola 51, na Dola 30 ni nafuu kwa mtu mmoja. Sasa chukua familia ya Kijerumani inayokwenda Diani: baba, mama na watoto wawili ambao hawajafika miaka 16. Chini ya utaratibu wa zamani, watoto wa umri huo hawakutozwa, kwa hiyo wazazi walilipa Dola 102 basi. Chini ya eTA kila msafiri anahitaji kibali chake, hata mtoto mchanga, na familia ileile inalipa Dola 120. Bei ya kichwa kimoja imeshuka, bili ya familia imepanda. Mwenye kupanga safari na asitazame bei iliyotangazwa peke yake, ahesabu vichwa.

Ahesabu pia malipo yasiyoitwa viza. Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, inamtaka mgeni kutoka nje ya nchi akate bima ya safari ya Dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama amekuja na bima ya kwao. Bima hiyo ina faida zake, maana inagharamia matibabu na mizigo iliyopotea. Hata hivyo, kwa mume na mke wanaolipa viza ya kawaida ya Tanzania ya Dola 50 kila mmoja, mlango sasa unagharimu Dola 188, si 100.

Lakini familia ya Diani haiahirishi likizo kwa ajili ya Dola 18. Walioumia ni wengine. Raia wa Malawi, Zambia na Zimbabwe walikuwa wakiingia Kenya bila viza na bila kulipa chochote. Mtu alishuka Uwanja wa Jomo Kenyatta na pasipoti yake, afisa uhamiaji akaitazama, akamuuliza anakwenda wapi, akagonga mhuri. Kwao, nchi "bila viza" ilimaanisha kutoka sifuri hadi Dola 30, pamoja na fomu na uthibitisho wa mahali pa kulala. Mfanyabiashara wa Lusaka anayekuja Eastleigh kununua nguo analala kwa jamaa au anatafuta chumba akishafika. Akiombwa uthibitisho wa hoteli siku kadhaa kabla ya safari, ameombwa kitu ambacho biashara yake haina.

Lango lenyewe nalo lilihama. Kibali kinapotakiwa kabla ya safari, anayekukagua kwanza ni mfanyakazi wa shirika la ndege pale kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo, kwenu, kabla hujaonana na afisa yeyote wa Kenya. Shirika likimpakia abiria asiye na ruhusa, hubeba gharama ya kumrudisha na linaweza kutozwa faini, kwa hiyo mfanyakazi yule hana sababu ya kukuonea huruma. Huna kibali, hupandi, na tiketi imekwenda. Na ukiwa nacho bado si hati ya kuingia: afisa uhamiaji wa Nairobi ana mamlaka ya kukukataa.

Hilo la hasara Waafrika Mashariki tunalijua vizuri tukiwa upande wa pili wa dirisha. Ada ya viza ya Schengen ilipanda kutoka Yuro 80 hadi 90 mwezi Juni 2024. Viza ya matembezi ya Marekani ilipanda kutoka Dola 160 hadi 185 mwezi Juni 2023. Ukinyimwa, hurudishiwi. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika, kwamba tunalipia jibu la hapana. Kwa nini basi tulimwekea jirani wa Lilongwe utaratibu wa aina hiyohiyo, ilhali hakuwa ametukosea kitu?

Serikali ya Kenya ilirekebisha kwa awamu. Mwaka 2024 nchi chache, zikiwemo Afrika Kusini na Ethiopia, ziliondolewa kwenye ada. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliamua kuondoa eTA kwa karibu Afrika nzima, na utekelezaji ukaja katikati ya mwaka huo: Waafrika wengi wanaingia na kukaa hadi miezi miwili, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi miezi sita. Huo ndio uamuzi sahihi, na ulipaswa kuwa wa kwanza, si wa mwisho, kwa kuwa Oktoba 2023 mjini Brazzaville Rais Ruto alikuwa ameahidi waziwazi kuwaondolea Waafrika viza.

Nchi mbili ziliachwa nje kwa sababu za usalama: Libya na Somalia. Kuhusu Libya sina la kusema. Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, inapakana na Kenya, na ndugu wa familia moja wanaishi pande zote mbili za mpaka. Hofu ya usalama si ya kubuni; Kenya imezika watu wengi kwa mashambulizi ya Al-Shabaab. Lakini kama tatizo ni kumjua anayekuja, uchunguzi unaweza kubaki na ada ikaondolewa. Mama wa Mogadishu anayemleta mtoto hospitali Nairobi anaweza kukaguliwa kwa makini bila kutozwa senti.