Ngazi ya alumini, mbao au faiba? Tazama kwanza nyaya za umeme

Chapwa, Tunduma. Dereva anayefunga turubai juu ya lori na fundi anayepiga bati wote wanahitaji ngazi. Lakini hakuna ngazi moja ya kazi zote.

Alumini ni nyepesi na haishiki kutu. Inafaa kupaka rangi au kusafisha mifereji ya bati. Ubaya wake ni huu: inapitisha umeme. Ikigusa waya wa volti 230 unaoingia nyumbani, aliyeishika anaweza kufa palepale. Ya chuma ni hivyohivyo, tena nzito.

Mbao kavu haipitishi umeme kirahisi, na seremala wa mtaani anakutengenezea. Ila ikinyeshewa mambo yanabadilika, mbao iliyolowa inapitisha umeme. Iweke ndani msimu wa mvua, na usiipake rangi nzito, maana inaficha nyufa na mchwa.

Faiba ndiyo ya mafundi umeme. Bei imechangamka na ni nzito kuliko alumini, lakini ikiwa kavu na safi haipitishi umeme. Hata hivyo, isikupe kiburi cha kusogelea laini kubwa ya kilovolti 33. Hiyo waachie TANESCO.

Ngazi yoyote ile, ikiegemea ukuta kwa kimo cha mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani. Ardhi ikiwa na tope, tandika ubao chini.

Na kabla hujaiinua, tazama juu.