Mtunzi na Kifo cha Mhusika Wake

Katika miaka ya 1990, mara mbili kila wiki, redio nyingi za Temeke, Tandika, Mwananyamala na Kinondoni zilifunguliwa ili kusikiliza mchezo mmoja. Mchezo huo uliitwa Twende na Wakati, nao ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwezi Julai 1993. Mhusika wake aliyejulikana kuliko wengine alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake, ambaye mkewe Tunu alibaki nyumbani akihangaika na watoto. Mkwaju aliambukizwa virusi vya UKIMWI, akaugua, akafa. Hakuna kaburi lililochimbwa Kinondoni kwa ajili yake, kwa maana hakupata kuwa na mwili. Hata hivyo, sauti iliyokuwa imezoeleka katika nyumba nyingi ilinyamaza, na watu waliizungumzia kama wanavyozungumzia msiba wa jirani.

Mkwaju hakuuawa na ugonjwa peke yake. Walikuwapo watu waliokaa mezani na karatasi, wakakubaliana kwamba wakati wake umefika. Msikilizaji humlilia mhusika, lakini ni nadra kwake kujiuliza yule aliyemwua alijisikiaje alipoweka kalamu chini. Swali hilo lina sehemu yake katika sayansi, hasa katika saikolojia, na limepata kuchunguzwa kwa njia za kitaalamu.

Kifo cha Mkwaju hakikuwa cha ghafla kwa watunzi wake. Mchezo ule ulifuata utaratibu uliobuniwa katika miaka ya 1970 na Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni nchini Mexico. Kwa utaratibu huo wahusika hugawanywa katika mafungu matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wanaositasita kati ya pande hizo mbili. Msingi wake ni nadharia ya Albert Bandura, aliyeeleza kwamba binadamu hujifunza si kwa adhabu na tuzo anazopewa yeye mwenyewe tu, bali pia kwa kutazama yanayowapata wenzake. Kwa hiyo mhusika wa kuepukwa hana budi kufikwa na matokeo ya matendo yake. Lakini hana budi pia kupendeza kwanza, la sivyo hakuna atakayejali yanayompata. Hapo ndipo ugumu wa kazi hiyo ulipo: mtunzi hutakiwa kumlea mtu kwa muda mrefu, ampe maneno matamu na mizaha, huku akijua tangu mwanzo kwamba anamlea kwa ajili ya kifo.

Matokeo yalipimwa. Katika eneo la Dodoma mchezo huo haukurushwa hadi mwaka 1995, na hivyo watafiti walipata eneo la kulinganisha na sehemu nyingine za nchi, kama vile mwanafunzi anavyoweka kando mche mmoja usiotiwa mbolea. Katika maeneo yaliyousikiliza, watu walipunguza idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu yakaongezeka kuliko Dodoma. Mchezo ulipoanza kusikika Dodoma, mabadiliko ya namna hiyo yalionekana huko pia. Ni mara chache kazi ya kubuni imewahi kupimwa kwa uangalifu wa namna hiyo katika Afrika ya Mashariki.

Mdomo na embe bichi

Kuhusu nafsi ya mtunzi mwenyewe, ushahidi mmoja wa kale unatoka Ufaransa. Gustave Flaubert alipokuwa akiandika riwaya yake Madame Bovary, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1856, alifika mahali ambapo mhusika wake Emma anakunywa sumu ya aseniki. Miaka kumi baadaye alimweleza mwanafalsafa Hippolyte Taine kwa barua kwamba wakati ule aliisikia ladha ya sumu kinywani mwake, tumbo likamsumbua mara mbili mfululizo, na chakula chake cha jioni akakitapika.

Wapo watakaodhani kwamba Flaubert alitia chumvi. Lakini mwanafunzi yeyote wa Dar es Salaam anaweza kujipima mwenyewe. Na afumbe macho, afikirie embe bichi lililokatwa vipande na kupakwa chumvi na pilipili, kama yauzwavyo nje ya lango la shule. Mate yatajaa mdomoni, na embe halipo. Ubongo umeyaamuru matezi ya mate kwa nguvu ya kumbukumbu tupu. Mtunzi anayekaa na mhusika wake kila siku kwa mwaka mzima amejizoeza kufikiri kwa namna hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, na si ajabu mwili wake kuitikia.

Mwaka 2003 Marjorie Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha uchunguzi walioufanya juu ya watunzi 50 wa hadithi. Taylor alikuwa amekwisha kuchunguza watoto wadogo wanaojibunia marafiki wasioonekana, akataka kujua kama watu wazima wanaoandika wana hali inayofanana na hiyo. Asilimia 92 ya watunzi hao walieleza kwamba, kwa kiasi fulani, wamepata kuwaona wahusika wao kama watu wenye mawazo yao wenyewe: wanabishana na mtunzi, wanakataa kutenda alichopanga. Waliokwisha kuchapishwa walikuwa na habari nyingi zaidi za namna hiyo kuliko wanaoanza.

Maelezo ya Taylor hayahitaji mizimu. Dereva wa daladala anayejifunza kazi hufikiria kila anapokanyaga klachi na kubadili gia. Baada ya miaka kumi kati ya Mbagala na Kariakoo, mikono na miguu yake hufanya kazi hiyo huku yeye akizungumza na kondakta. Vivyo hivyo, kumfikiria mtu fulani kwa mazoezi marefu hugeuka kuwa kazi ya ubongo isiyohitaji jitihada inayohisika. Mtunzi haoni tena kwamba yeye ndiye anayetunga maneno ya mhusika. Maneno yanakuja tu, kana kwamba yanatoka kwa mtu mwingine. Akimwua mhusika huyo, mazoea yale hayafi naye siku hiyo hiyo. Asubuhi ya kesho yake ubongo unaendelea kumwita aliyeondoka, kama mtu anayetenga sahani ya ziada mezani baada ya msiba.

Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2020 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, uliwahoji watunzi 181 waliohudhuria tamasha la vitabu la Edinburgh. Asilimia 63 walisema huzisikia sauti za wahusika wao, na asilimia 61 walisema wahusika wao waweza kutenda kwa hiari yao wenyewe. Yafaa takwimu hizi zisomwe kwa tahadhari, kwani zinategemea maneno ya wahojiwa waliokubali wenyewe kujibu. Tena zinaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja hawakusema kwamba huzisikia sauti hizo. Kuna watunzi ambao mhusika kwao ni chombo cha kazi, kama nyundo kwa seremala.

Hata wanaomwua mhusika kwa furaha wapo. Arthur Conan Doyle alichoshwa na mpelelezi wake Sherlock Holmes, kwa sababu alimzuia kuandika vitabu alivyoviona vya maana zaidi. Mwaka 1891 alimwandikia mama yake kwamba anafikiri kumwua; mama akapinga. Mwezi Desemba 1893 Holmes alitumbukia katika maporomoko ya maji ya Reichenbach, Uswisi. Walioomboleza walikuwa wasomaji, na mwaka 1903 Doyle alilazimika kumfufua. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Bwana Msa wake anafanana sana na Holmes kwa kiko na kwa akili, hakuwa na haraka hiyo: Bwana Msa alianza upelelezi katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, na mwaka 1984 alikuwa angali kazini katika Kosa la Bwana Msa.

Kilima cha Mlimani

Katika riwaya ya Kiswahili, mtunzi aliyewapeleka wahusika wake wakuu kaburini bila kuwahurumia ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma na kisha kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya kilima cha Mlimani, ambacho wakati huo kilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni na leo kimo katika Ubungo. Katika Rosa Mistika (1971) Rosa anajiua. Katika Kichwamaji (1974) Kazimoto anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) Tumaini ananyongwa kwa kosa la kuua. Wahakiki walimwita mtu aliyekata tamaa, na Rosa Mistika ilizuiwa kwa muda kutumika mashuleni kabla ya kurudi kuwa kitabu cha kiada.

Lakini mwisho wa Rosa Mistika unastahili kusomwa tena kwa swali la makala haya. Hadithi haiishii kaburini. Rosa na baba yake Zakaria wanafikishwa mbele ya Mungu, na lawama inapimwa kati yao. Mtunzi aliyetaka kuachana na Rosa angeweka nukta pale alipokufa. Huyu alimfuata ng'ambo ya pili ili kesi yake isikilizwe. Kitendo hicho hakilingani na sifa ya ukatili aliyopewa.

Ebrahim Hussein alikutana na tatizo jingine hapo hapo Mlimani mwaka 1969, alipotunga tamthilia ya Kinjeketile. Kinjikitile wa kweli, wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905. Historia ilikuwa imekwisha kumwua. Hussein hakuwa na uwezo wa kumwokoa, bali wa kuchagua tu namna ya kumwendea kifo. Katika tamthilia, Kinjeketile anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa ajili ya watoto watakaokuja.

Mkwaju naye alikufa kama sayansi ya wakati wake ilivyoruhusu. Mwaka 1993 mgonjwa wa kawaida wa Temeke hakuwa na dawa yoyote ya kuvizuia virusi, na mtunzi aliyempa Mkwaju maisha marefu angewadanganya wasikilizaji. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa bila malipo katika hospitali za umma nchini Tanzania. Mwanafunzi wa Chang'ombe au Kinondoni anayeandika mchezo wa shule leo, akamwua dereva wake kwa UKIMWI kana kwamba hakuna tiba, atakuwa amefanya kosa la kisayansi, hata kama darasa zima litalia. Mkwaju wa leo, akipima mapema na kumeza dawa zake kila siku, aweza kuendesha lori hadi nywele ziwe nyeupe. Mtunzi wake itambidi ampe matokeo mengine ya matendo yake: labda kwamba Tunu, aliyekwisha kumwacha, harudi.